Dirisha Namba Tatu

Mimi si mtu wa muziki. Andika hilo kwanza.
Miaka kumi na tisa nakaa nyuma ya kioo,
zamu ya usiku, gereza la kaunti, Toledo,
napokea dhamana, natoa risiti.
Kioo chenyewe kilimiminwa humu humu mjini;
mama yake Nikeli alisimama mbele ya tanuri lile
mpaka mapafu yakamkatalia.

Mara ya kwanza alikuja na ndoo ya sarafu.
Miaka kumi na sita, meno ya mbele yamepishana,
amevaa koti la kaka yake Demarquis, aliyekuwa ndani
kwa taa ya gari iliyovunjika na faini tatu zilizolala.
Dola mia tatu na arobaini. Tulihesabu pamoja,
yeye upande ule, mimi upande huu,
na kila sarafu ilipogonga trei ya chuma
alitikisa kichwa kidogo, kama anayeokota kitu.
Zikapungua dola kumi na moja.
Sheria ni sheria, nikamwambia.
Akarudi Jumatatu. Kaka yake
alikuwa ameshapoteza kazi, na jicho.

Kuanzia hapo hadithi mnaijua, au mnadhani mnaijua:
kanda iliyorekodiwa kabatini, magodoro ukutani,
akiuza kwenye buti la gari nje ya saluni ya Bi Ernestine;
wimbo ule uliofunguka kwa mlio wa sarafu
(wengi walidhani ni kengele);
Cleveland, Atlanta, viwanja vikifurika,
meno yakanyooshwa,
sura yake ukutani, kubwa kuliko benki iliyo chini yake.
Alipanga vina kama mtu anayejenga usiku
bila kibali cha manispaa.
Binti yangu alivijua vyote.
Mimi nilikuwa nazima redio.

Akarudi, Alhamisi moja, theluji nusu, mvua nusu.
Hakuwa na kamera. Alikuwa na sanduku la viatu.
"Nani yumo ndani kwa chini ya elfu moja?"
Nikasoma: Wilhelmina Oakes, maziwa ya kopo.
Cornelius Batts, kulala kituo cha basi.
Mzee Tibor Halasz, Mhungaria,
aliyemtukana hakimu kwa sababu ya maegesho.
Akalipa. Mwezi uliofuata akalipa. Miaka sita.
Hakuniuliza hata mara moja kama namkumbuka.

Kampuni ikamwambia aimbe mapenzi.
Akaimba majina. Dakika tisa, majina na kiasi,
mapigo yakihesabu nyuma yake kama mtunza hazina.
Redio zikanyamaza. Watu wa viatu wakavunja mkataba.
Kanisani wakasema anafuga wezi,
nami nilisema hivyo hivyo, chumba cha chai. Sikatai.

Halafu kile kikao cha kaunti:
alisoma risiti, moja baada ya nyingine, mwandiko wangu,
wakamzimia kipaza sauti,
akaendelea.
Saa nne usiku akaletwa kwangu kwa mlango mwingine.
Dhamana, dola elfu mbili.

Saa saba foleni ilifika barabarani.
Wilhelmina, mtoto mgongoni. Halasz na fimbo yake.
Noti zenye jasho, sarafu, hundi ya kinyozi.
Mkono mtupu haulambwi, husemwa;
sijui husemwaje mikono mitupu mia mbili inapokuja pamoja.
Tukahesabu. Zikatimia, zikapita.

Askari akaja na ujumbe kutoka ndani:
Asante. Mimi nina kwa kurudi.
Kitanda cha juu yangu kuna kijana, hajui kuandika jina lake.
Mtoeni huyo. Zikibaki, anayefuata.

Hakuna aliyeondoka na hela yake.
Wakatoka saba. Wa nane akapungukiwa dola nne,
na kanuni inakataza karani kufungua mkoba wake mwenyewe.
Niliufungua.

Kwenye risiti kuna mstari: jina la mlipaji.
Kalamu ikasimama.
Upande wa pili wa kioo mtu alikohoa,
akaniuliza kama kuna tatizo.